Shuka kwenye Boda, Tembea
Mazoezi kwa mwenye uzito uliozidi: kwa kila nyumba, Migori na Homa Bay

Kwa nini tumeandika
Tumechoka kupokea wagonjwa walewale: presha juu, sukari juu, magoti yamevimba. Uchunguzi wa taifa wa 2015 ulikuta karibu wanawake 4 kati ya 10 nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi.

Tabia inayotutia hofu zaidi
Boda kwa safari fupi. Sokoni, boda. Kanisani, boda. Kusaga mahindi, boda. Kama ni dakika 20 kwa miguu, tembea.

Njia mbili
*Mwendo mmoja:* Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Uweze kuongea, ushindwe kuimba.
*Mwendo wa kupokezana:* Dakika 3 mbio-mbio, dakika 3 polepole, mara 5. Huna saa? Hesabu milingoti ya stima: mitatu haraka, mitatu polepole.

Ipi bora?
Kwa kupunguza uzito, zinakaribiana. Kupokezana huongeza pumzi upesi; mwendo mmoja humfaa anayeanza. Anza na huo. Pumzi ikizoea, pokezana. Lakini boda, usipande.

Tahadhari
- Una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo? Muone daktari kabla ya kupokezana.
- Usiache dawa kwa sababu umeanza kutembea.
- Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, simama. Kifua kisipoachia, ukimbizwe hospitali mara moja. Hapo ndipo boda ina kazi.
- Mwenye kisukari asitembee peku. Avae viatu vilivyofunika vidole, akague nyayo kila jioni. Anayejidunga insulini abebe peremende.
- Tembea asubuhi au jioni, si jua la saa saba.
- Barabarani, tembea upande unaotazamana na magari.

Chakula
Kutembea hakufuti soda wala sahani ya pili ya ugali.

Kwa familia na majirani
Kaunti zetu zimezika wengi kwa ukimwi, ndiyo maana watu wanaogopa kukonda. Mama akipungua kwa kutembea, msinong'one kwamba anaumwa. Mpongezeni. Anayetembea kando ya barabara akitokwa jasho asichekwe. Apate mwenzake wa kutembea naye.

Mwisho
Mwite mhamasishaji wa afya wa kijiji chako akupime presha. Kisha kesho, safari moja tu: sokoni kwa miguu. Boda ikipiga honi, mpungie mkono, endelea kutembea.