Sarufi ya Barua Pepe Inayorudi

Utangulizi

Mwanafunzi anayetuma ikisiri ya kongamano saa chache kabla ya makataa, kisha akapokea ujumbe mrefu wa Kiingereza kutoka kwa MAILER-DAEMON, aghalabu huufuta bila kuusoma. Hudhani ni barua taka. Athari yake ni bayana: makataa hupita ilhali kazi haikumfikia mhariri. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba ujumbe huo ni matini yenye sarufi yake, na anayeimudu huweza kuokoa kazi yake.

Safari ya barua

Barua pepe haitoki kwenye tarakilishi ya mwandishi moja kwa moja hadi kwa mpokeaji. Hukabidhiwa seva ya mtumaji, nayo huitafuta seva ya mpokeaji kwa kusoma kikoa, yaani sehemu inayofuata alama ya @. Seva hizo huzungumza kwa itifaki ya SMTP, ambayo Jon Postel aliifafanua mwaka 1982. Kila kauli ya seva inayotuma hujibiwa kwa nambari ya tarakimu 3. Seva ya mpokeaji ikikataa barua, ile ya mtumaji ndiyo yenye wajibu wa kumwarifu. Kwa hivyo, aghalabu mpokeaji mwenyewe hana habari kwamba aliandikiwa. Kurudi kwa barua si ishara ya dharau wala ya kazi kukataliwa.

Mofolojia ya nambari

Pamoja na nambari kama 550, aghalabu huwapo nyingine yenye sehemu 3 zilizotengwa kwa nukta, mathalani 5.1.1. Muundo wake waweza kulinganishwa na kitenzi cha Kiswahili, ambamo kila mofimu ina uamilifu wake. Sehemu ya kwanza huonyesha hali: 2 ni kufaulu, 4 ni kikwazo cha muda, 5 ni kikwazo cha kudumu. Ya pili huonyesha kikwazo kilipo: 1 ni anwani, 2 ni sanduku la mpokeaji, 3 ni mfumo wa barua, 4 ni mtandao, na 7 ni usalama na sera. Ya tatu hufafanua undani. Tazama mifano ifuatayo:

(a) 5.1.1: jina lililotangulia @ halipo. Huenda limeendelezwa vibaya, au mwenyewe ameondoka chuoni.

(b) 5.1.2: kikoa si sahihi. Anayeandika co.ke, ambacho ni cha kampuni, badala ya ac.ke cha vyuo, huweza kupata jibu hili.

(c) 5.2.2: sanduku la mpokeaji limejaa.

(d) 5.3.4: barua ni kubwa mno. Kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kinaposafirishwa, na ukubwa wake huongezeka kwa takriban theluthi moja. Hivyo, tasnifu ya megabaiti 20 hukaribia megabaiti 27.

(e) 5.7.1: sera imezuia barua. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka watumaji wa barua nyingi wathibitishe kikoa chao. Chama kinachowaandikia wanachama wengi kwa kikoa chake hakina budi kulizingatia hili.

Tofauti ya 4 na 5

Panapokuwa na 4, seva hujaribu tena yenyewe, pengine kwa siku 4 au 5, kabla ya kukata tamaa. Mtumaji aweza kusubiri. Lakini makataa yakiwa kesho, atafute njia nyingine. Panapokuwa na 5, kutuma tena bila kurekebisha chochote ni kutwanga maji kwenye kinu.

Tahadhari

Kwanza, baadhi ya seva hutumia 550 kwa makosa ya kila aina. Sharti sentensi inayoifuata isomwe pia. Pili, anayerudishiwa barua asiyoituma aelewe kwamba huenda anwani yake imeghushiwa, au akaunti yake imeingiliwa, abadilishe nywila. Tatu, kutorudi kwa barua si thibitisho kwamba imesomwa, kwani yaweza kuwa imetupwa katika folda ya barua taka.

Hitimisho

Nambari hizi ni zile zile katika lugha zote. Maneno yanayoziandamana ndiyo yanayoweza kutafsiriwa. Hapa pana kazi kwa wanaistilahi wa Kiswahili: kumpa mtumiaji sentensi fupi inayomwambia kilichokwama, kilipokwama, na la kufanya. Kabla ya hapo, mwanafunzi ausome ujumbe wake hadi mwisho, aitafute nambari, kisha aichanganue kama anavyokichanganua kitenzi.