Vifaa vya ujenzi: Gitega au Muyinga?

SWALI: Najenga Gitega, vyumba vitatu. Jirani ananiambia Muyinga vifaa ni rahisi kwa kuwa mpaka wa Kobero uko karibu. Niende?

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako hajakosea sana. Mizigo ya Tanzania huingilia Kobero, na Muyinga ni hatua chache kutoka hapo. Ila bei ya dukani si bei ya kiwanjani. Jumlisha kwanza lori la kupitia Karusi, wapakiaji na washushaji, ndipo ulinganishe. Kwa mifuko kumi ya saruji safari hailipi. Kwa mabati na nondo za nyumba nzima, mkichangia lori na huyo huyo jirani, huenda ikalipa.

Pesa nyingi hupotelea kwenye vipimo. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, hata yote mawili yaking'aa sawa. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na kilo 10.6 hivi. Omba mizani. Ikisoma kilo 8, umeuziwa milimita 10 na ushee kwa bei ya 12.

Saruji nunua kidogo kidogo, kadiri fundi anavyotumia. Ikikaa miezi mitatu hupungua nguvu. Mfuko wenye mabonge usiuguse hata kwa punguzo. Matofali na vigae tafuta kwa wachomaji wa karibu nawe, usisafirishe udongo.

Orodha ya fundi ipeleke maduka matatu. Kulipa, lipa mwenyewe, na udai risiti iliyoandikwa geji na milimita.