Mawindo: Yaliyo Halali na Yapasayo Kuachwa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu wa darasa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hata Kayole, wametuuliza suala ambalo twaona lafaa kujibiwa hapa, ili na jamaa zetu wa Mwambao, ambao wana wao wanakaa huku, walisome. Wamesema: wako vijana ambao siku za Jumapili hutoka na mbwa na manati wakaenda nyika za upande wa Ruai na mto Athi, na jioni hurudi na sungura au paa. Wengine huila nyama hiyo nyumbani, na wengine huwauzia majirani kwa bei nafuu. Mama mmoja aliletewa na mwanawe akakataa kuitia chunguni. Mtoto akamwambia, "Mama, nilisema Bismillahi." Je, Bismillahi yatosha?

Twajibu: Bismillahi ni jambo kubwa, lakini haisimami peke yake. Kuwinda kwa asili yake ni halali. Mwenyezi Mungu ameruhusu katika Suratul Maida, aya ya 4. Na sungura ni halali pia. Anas bin Malik amesimulia kwamba walimfukuza sungura Marri Dhahran, Abu Talha akamchinja, akampelekea Mtume (S.A.W.) paja, naye akalikubali. Lakini ruhusa hiyo ina masharti, na masharti hayo hayauhusu ulimi tu. Yakihusu na chombo, na mbwa, na moyo wa mwindaji.

Kwanza, chombo. Adiyy bin Hatim, naye alikuwa mwindaji, alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya fimbo ya kurushia mawindo. Akajibiwa kuwa aliyepigwa kwa ncha aliwe, na aliyekufa kwa kupigwa na ubavu wa fimbo asiliwe, kwani huyo amepondwa. Hapa ndipo ilipo kanuni: chombo kitoboe, kisiponde. Basi jiwe la manati huua kwa kuponda, na ndege aliyekufa kwalo kabla ya kuchinjwa ni mzoga, hata akitajiwa jina la Mungu mara mia. Akidirikiwa angali na uhai ulio thabiti, akachinjwa, huyo ni halali. Mshale wenye sumu nao una shaka, kwani haijulikani kilichoua ni chuma au ni sumu. Ama risasi ya bunduki, wanavyuoni wamehitilafiana. Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, ni katika walioihalalisha, kwa kuwa hupenya mwilini.

Pili, mbwa. Sharti awe amefundishwa: akitumwa aende, akizuiwa akome, akikamata asile, na hayo yawe yamejaribiwa mara kwa mara. Mbwa wa mtaani anayemrukia mnyama kwa njaa yake hamwindii bwana wake, ajiwindia mwenyewe. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, mahali alipouma mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo.

Tatu, nalo ndilo kubwa: shaka. Adiyy aliambiwa kwamba akimkuta mbwa mwingine pamoja na wake juu ya windo, asile, kwani hajui ni yupi aliyeua. Na akilikuta windo limezama majini, asile, kwani hajui ni mshale au ni maji. Angalieni, ndugu zangu. Huyu ni mtu aliyechoka, ameshinda nyikani, na windo li mbele yake. Hata hivyo afundishwa kuliacha kwa sababu ya neno moja: sijui. Ikiwa mwindaji mwenyewe aliyekuwapo apaswa kuacha, vipi anayeuziwa usiku nyama iliyochunwa ndani ya mfuko, asijue imeuawa na nani, wala kwa nini, wala kama ni ya paa au ya mnyama mwingine? Mchinjaji Mwislamu ajulikanaye dukani mwake twamdhania wema, wala hatumpelelezi. Mfuko wa usiku haumo katika dhana hiyo.

Nne, nia. Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliteremka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, akapanda gari la moshi hata Kapiti, katika nyika hizi hizi. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Wengi walipelekwa jumba la makumbusho huko Washington. Kila mtu na apime mwenyewe haja ilikomea wapi na mchezo ulianzia wapi. Lakini kijana apigaye ndege kwa manati, akamwacha njiani, hana hata hoja ya makumbusho.

Tano, amri ya nchi. Vijana husema: Mzungu alikata leseni akaua apendavyo, na Mkamba na Mwaata, ambao upinde ndio uliowalisha, wakaitwa majangili. Neno hili ni kweli. Lakini marufuku ya Mei 1977 ilimfunga mwenye leseni na asiye nayo, na sheria ya mwaka 2013 yakataza kuwinda kwa mchezo, na kwa chakula, na kuuza nyama ya porini. Kuwinda ni jambo la mubaha, na mtawala anaweza kulizuia kwa maslaha ya watu wote. Wala kuwahifadhi wanyama si jambo geni kwetu: Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haram, mawindo yake yasiguswe.

Yawezekana mtu akauliza: je, aliyewinda kinyume cha sheria, akatimiza masharti yote ya kuchinja, nyama yake ni mzoga? La, si mzoga. Lakini ameivunja amri, amejitia hatarini yeye na wazee wake, na anunuaye kwake amemsaidia. Aliyekwisha kula bila kujua hana dhambi. Aliyejua sasa na aache.

Basi yule mama alipatia, naye aliifuata njia ile ile aliyofundishwa Adiyy. Lakini asimfukuze mwanawe; na amweleze kwa upole sababu ya kukataa. Na kijana apendaye nyama ya sungura na afuge sungura wa nyumbani katika banda nyuma ya nyumba, awalishe, na siku ya kuchinja akinoe kisu, ataje jina la Mola wake, naye ajue kwa yakini anachokila.

Wabillahi tawfiq.