Somo: Mavazi ya Watoto Katika Mchezo wa Nyimbo



Tumeombwa na walimu wa shule ya Jumapili tuandike somo juu ya mavazi ya michezo, maana siku hizi mitaa mingi hutaka kuonyesha mchezo wa nyimbo wakati wa Noeli, na waigizaji ni watoto. Mavazi ya mchezo huitwa maleba. Wengi hudhani kwamba maleba ni kazi ya siku ya mwisho: kila mama amvike mwanawe alicho nacho nyumbani, kisha twende jukwaani. Sisi pia tulidhani hivyo, na kosa letu tutalieleza mbele kidogo.

Tuchukue kwanza mfano wa mchezo unaojulikana sana, uitwao Annie. Ulianza kuonyeshwa Broadway, jijini New York, mwezi Aprili mwaka 1977. Asili yake ni katuni ya gazetini iliyochorwa na Harold Gray tangu mwaka 1924. Ni habari za msichana wa miaka 11 alelewaye katika nyumba ya yatima mjini humo, mwezi Desemba mwaka 1933, wakati Marekani ilipokuwa katika dhiki kubwa ya uchumi na watu wengi hawakuwa na kazi. Tajiri mmoja amkaribisha nyumbani kwake siku za Krismasi, na mwishowe ataka kumlea kama mwanawe. Aliyebuni mavazi ni Theoni V. Aldredge, mzaliwa wa Ugiriki, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Tony mwaka ule ule.

Tutazame kazi iliyo mbele ya mbunifu wa mchezo kama huu. Yatima ni saba pamoja na Annie mwenyewe. Mdogo kuliko wote, Molly, ana miaka 6. Wote ni maskini, wote wanalala chumba kimoja, wote wanavaa vitu vinavyotoka katika sanduku moja. Je, mtu aliyeketi benchi la nyuma atawatofautishaje? Na atajuaje kwamba ni maskini pasipo mtoto hata mmoja kudhalilika?

Hapo ndipo penye kosa letu. Mwaka 1991, katika mtaa tuliokuwa tukifundisha shule ya Jumapili, tulitunga mchezo mdogo wa nyimbo juu ya watoto yatima. Fedha hatukuwa nazo. Tukaagiza kila mtoto aje na nguo yake mbovu kuliko zote. Wengi walikuja na mashati ya baba zao yaliyochanika, wakichekana. Binti mmoja alikuja na gauni lake la kila siku, kwa sababu hakuwa na lingine. Mmoja wetu akasema kwa furaha, "Huyu ndiye amepata hasa!" Watoto wakaangua kicheko, nasi tukacheka pamoja nao. Jioni ile aliigiza vizuri kupita wote, tukampigia makofi.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani amevaa gauni lile lile. Wenzake wakamwita kwa jina la yatima wa mchezo. Jumapili ya pili hakuja, wala ya tatu. Tulipokwenda kwao, bibi yake alitukaribisha vizuri, akatupa viti, kisha akasema, "Mwalimu, gauni lile nalifua kila Jumamosi." Hakusema zaidi. Tuliomba radhi, na mtoto alirudi baada ya muda, lakini kuimba mbele ya watu hakuimba tena.

Kwa hiyo tunasema wazi: umaskini wa jukwaani hushonwa, haukusanywi majumbani. Nguo ya mwombaji na ikatwe katika kitambaa kizima, chenye nguvu, tena kilicho safi. Marekani ya bei nafuu yafaa sana. Kisha ichakazwe kwa mkono mbele ya watoto wenyewe, wauone mchezo unavyotengenezwa. Sisi hufanya hivi: kitambaa cheupe tunakiloweka katika chai kali ya moto mpaka weupe wake ufe. Kikikauka tunasugua kwa msasa mahali ambapo nguo huchakaa kweli, yaani viwikoni, magotini, ukosini, midomo ya mifuko na pindo la chini. Nguo haichakai katikati ya mgongo, na anayetoboa matundu popote ataonekana hajawahi kuitazama nguo ya mkulima. Kiraka kishonwe juu ya kitambaa kizima; usitoboe kwanza. Kiwe na upana wa kiganja cha mtu mzima na rangi inayopingana na nguo, la sivyo hakitaonekana kutoka nyuma. Matope ya kweli hapana. Mtoto akivua vazi hilo na abaki na nguo zake mwenyewe, safi, arudi nyumbani akiwa yeye.

Turudi kwa wale yatima saba. Katika nyumba ya namna hiyo nguo hurithiwa: mkubwa akikua, mdogo huipokea. Basi mdogo avae bega linaloshuka na mikono iliyokunjwa mara mbili, na mkubwa avae mikono iliyoishia juu ya kifundo. Mtazamaji ataelewa umri na historia yao kabla hawajafumbua vinywa. Lakini urefu wa ziada uwekwe mabegani na mikononi tu. Pindo linaloburuza litamwangusha mtoto ngazini.

Rangi nazo zigawanywe kwa akili. Mwishoni mwa mchezo Annie huonekana na gauni jekundu, ambalo limekuwa kama alama yake duniani kote. Anayeshona mavazi ya hadithi kama hiyo na afiche nyekundu mapema: yatima wapewe kijivu, kahawia na samawati iliyopauka, na hata leso nyekundu isitokee. Gauni likiingia, halihitaji kupambwa. Tumewaona akina mama wakirundika riboni na maua juu ya vazi la mwisho kwa sababu rangi yake ilikwisha kutumika tangu mwanzo.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho ni vazi na pia ni hadithi. Annie amevaa nusu ya kidani alichoachiwa na wazazi wake, naye husubiri waje na nusu ya pili. Kitu cha namna hii kitengenezwe kikubwa kuliko kawaida, na ukosi wa gauni ukatwe wazi kiasi cha kukionyesha. Ukosi wa juu umekwisha kuharibu hadithi nzima.

Kisha mwili wa mtoto. Yatima hawa hupiga magoti wakisugua sakafu huku wakiimba. Kwa hiyo kila mmoja avae kaptura na fulana ndani, za rangi moja, na asizivue tangu mwanzo hata mwisho, hata anapobadili nguo. Kifua kiachwe na nafasi ya sentimeta 8 hivi, maana mwimbaji hupumua kwa nguvu. Kabla ya kukata uzi wa mwisho, mwambie mtoto ainue mikono, apige magoti, aketi, aimbe ubeti mmoja. Akivuta nguo kwa kidole, irudi kwenye cherehani. Gauni la kubadili haraka lifunguke mgongoni lote kwa Velcro, na mama mmoja tu ndiye amvalishe, nyuma ya pazia.

Mnaolalamika kwamba hamna fedha, kumbukeni mchezo mwingine, The Sound of Music, ulioanza New York mwaka 1959. Humo pia watoto ni saba. Baba yao, nahodha mstaafu wa jeshi la majini huko Austria, amewavika sare na huwaita kwa filimbi. Maria, mlezi wao, anawashonea nguo za kuchezea kwa mapazia ya zamani. Badiliko lote la nyumba ile laonekana katika vitambaa hivyo viwili. Mapazia yaliyopauka hayakosekani katika nyumba nyingi, na doti chache za khanga za namna moja zafanya kazi ile ile.

Somo lijalo tutaeleza kofia na viatu. Watakaoanza sasa, wapimeni watoto kifua, kiuno, bega hadi bega, na bega hadi goti. Acheni pindo la sentimeta 7, kwa kuwa mtoto aliyepimwa Septemba si yule atakayepanda jukwaani Desemba. Jina la kila mmoja liandikwe kwa uzi ndani ya ukosi. Mchezo ukiisha, nguo zote zifuliwe, zikunjwe na majani makavu ya mwarobaini, na ufunguo wa sanduku akae nao mtu mmoja.