Darsa ya Ramadhani, Siku ya 17: Samaki wa Maji Mawili, Tangi Moja



Swali la leo huenda likakuchekesha, lakini lina uzito. Mzazi mmoja anauliza: watoto wana tangi la kioo lenye samaki wa dhahabu, na sasa wamenunuliwa bunju wawili wadogo wa madoa ya kijani. Muuzaji kasema hao bunju hupenda maji ya chumvichumvi, basi "tia chumvi kidogo tu, wote watazoea." Je, kuna ubaya?

Kufuga hakuna ubaya. Mtume (s.a.w.) alimkuta mtoto Abu Umayr na kindege chake wala hakumkataza. Lakini unaijua pia hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Ukishamfungia kiumbe, riziki yake yote inapitia mkononi mwako. Na kwa samaki, jambo la kwanza ni maji.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Maji ya mto karibu hayana. Damu ya samaki wa dhahabu iko katikati, lakini chumvi yake ni ndogo sana kuliko ya bahari. Akiwa kwenye maji baridi, maji humwingia saa zote kupitia matamvua, naye hukojoa mengi na kuishikilia chumvi isimtoke. Sasa mtie kwenye maji yenye chumvi kuliko damu yake: maji yanaanza kumtoka. Wewe uliyefunga unajua hali ya saa kumi alasiri. Huyu ana kiu, na yumo ndani ya maji!

Bunju naye asili yake ni Asia, kwenye midomo ya mito na mikoko. Kwenye maji baridi matupu hafi kesho, na hapo ndipo watu hudanganyika. Hudhoofika polepole, maradhi yakamwandama. Isitoshe, ana meno makali na hung'ata mapezi ya wenzake.

Hiyo "kidogo tu" inamzidia mmoja na kumpungukia mwingine. Sulhu ni kheri, lakini hawa samaki hawakuulizwa.

Utaniambia wapo wanaovuka. Kweli, perege wa Msumbiji huishi kote kuwili, na baadhi ya mikunga hutoka mtoni kwenda kuzaa baharini. Hao wameumbiwa hivyo, na hata perege ukitaka kumhamisha, fanya taratibu. Soma Furqan aya ya 53 uone bahari mbili zilivyotajwa na kizuizi baina yake.

Basi, mzazi, weka matangi mawili. La bunju litumie chumvi ya bahari ya kufugia samaki, si ya mezani. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji baridi, kwani yaliyoruka ni maji, chumvi imebaki. Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwenye ndoo usiku mzima bila kifuniko. Huna nafasi ya tangi la pili? Warudishe bunju dukani au umpe mwenye uwezo. Usiwamwage mtoni wala baharini, maana ni wageni huku.

Na kama unachota kisimani, visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi. Onja kwanza (baada ya magharibi, jamani).