Selulosi Ikiyeyushwa, Hurudi Ileile?

Kimiminika cha ayoni ni nini?
Ni chumvi iliyo majimaji chini ya nyuzi joto 100 za Selsiasi. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Mwaka 2002 Robin Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walionyesha kuwa kimiminika cha ayoni chenye kloridi huyeyusha selulosi, jambo ambalo maji hayaliwezi.

Huyeyushaje?
Minyororo ya selulosi imeshikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kloridi au asetati iliyo katika kimiminika huving'ang'ania vikundi vya haidroksili, minyororo ikaachana. Maji yakiingia, hata kidogo, kazi inakwama, kwa hiyo kausha kila kitu kwanza.

Ukiitoa tena, ni selulosi ileile?
Kikemia, ndiyo. Kimpangilio, hapana. Ndani ya pamba na mbao, minyororo kwenye fuwele imeelekea upande mmoja. Wataalamu huiita selulosi I. Ukimimina myeyusho majini inarudi ikiwa selulosi II, minyororo jirani imepishana kichwa na mkia, wala haigeuki tena kuwa I. Sehemu isiyo na mpangilio nayo mara nyingi huongezeka, ndiyo maana vimeng'enya huimeng'enya upesi.

Na urefu wa mnyororo?
Hapa ndipo wengi huharibu. Myeyusho mzuri huwa mzito kama asali. Ukiuacha kwenye joto kali kwa saa nyingi, hasa wa kloridi, unakuwa mwepesi. Mtu anadhani sasa umeyeyuka barabara, kumbe minyororo imekatika. Mimi nasisitiza upime wastani wa vipande vya glukosi kwa kila mnyororo, kabla na baada. Asetati huyeyusha kwa joto la chini zaidi, ila imidazoliamu, ayoni chanya inayoandamana nayo, huweza kunasa kwenye ncha ya mnyororo.

Basi uzi wa selulosi iliyoyeyushwa hivi ni dhaifu?
La. Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, katika mbinu iitwayo Ioncell, huuvuta uzi hewani kabla haujazama majini. Minyororo hunyooka kufuata uzi, na uzi hutoka imara. Mwaka 2018 Jenni Haukio, mke wa rais wa nchi hiyo wakati huo, alivaa gauni la nyuzi hizo zilizotokana na mti wa birch.

Kikwazo ni nini?
Bei. Kimiminika ni ghali, lazima karibu chote kirejeshwe, na kuyaondoa maji yaliyochanganyika nacho hula nishati nyingi.