Kufundisha Gita kwa Kompyuta: Tengenezeni Sauti Kwanza

Huenda katika kikundi chenu yuko kijana anayejua gita vizuri. Siku hizi anaweza kumfundisha mtu aliye mbali kwa kompyuta, naye akalipwa. Lakini mwanafunzi hulipia anachosikia. Sisi tulijifunza hilo kwa hasara.

Mwanafunzi wetu wa kwanza alituambia, "Mwalimu, ukiongea nakusikia, lakini gita linakatika." Tukadhani ni mtandao. Tukanunua bando kubwa kwa pesa za kikundi, na gita likaendelea kukatika vile vile. Wiki ya tatu akaacha.

Kosa lilikuwa wapi?
Programu za mikutano kama Zoom zilitengenezwa hasa kwa watu wanaozungumza. Sauti inayoendelea kulia, kama ya feni, programu huiona ni kelele na kuizima. Uzi wa gita ukiachwa ulie, nao huzimwa hivyo hivyo.

Fanyeni hivi:

1. Katika mipangilio ya sauti ya Zoom, chagueni sauti asilia ya wanamuziki. Mkishaingia darasani, hakikisheni imewashwa. Mwanafunzi naye afanye hivyo, la sivyo mwalimu hatamsikia sawasawa.

2. Zimeni ile sehemu inayoipa kompyuta ruhusa ya kupandisha na kushusha sauti ya maiki yenyewe. Ikibaki, kupiga kwa nguvu na kupiga taratibu kutasikika karibu sawa.

3. Vaeni hedifoni, nyote wawili. Sauti ya spika ikiingia tena kwenye maiki huleta mwangwi. Za waya ni bora, kwa sababu zile za Bluetooth huchelewesha sauti.

4. Wekeni maiki kama sentimita 30 kutoka kwa gita, ielekee pale shingo inapokutana na mwili. Msiielekeze kwenye tundu, kwani hapo sauti nzito huvuma na kumeza nyingine.

Jambo moja halina dawa: sauti huchelewa kidogo njiani. Kwa hiyo msijaribu kupiga pamoja. Mwalimu apige, anyamaze, kisha mwanafunzi arudie.

Jaribio kabla ya kumwita mwanafunzi
Mmoja akae na gita, mwingine aende mbali na kompyuta au simu yake, avae hedifoni. Pigeni uzi mnene kabisa na kuuacha ulie hadi unyamaze wenyewe. Kila mmoja ahesabu moja, mbili, tatu, hadi asisikie tena. Msikilizaji akinyamaza mapema sana kuliko mpigaji, rudini hatua ya kwanza. Bando si shida.

Ya kujadiliana kikundini
- Ni nani kati yetu anaweza kufundisha, na ni chumba gani kilicho kimya?
- Tuna vifaa gani tayari, kabla ya kutoa pesa kununua vingine?
- Ni nani atakayefanya jaribio kila kabla ya somo?